Sura ya Saba: Ngozi Isiyo na Masikio

Sajini Lebamang Ramarou aliitandaza ile ngozi ya farasi juu ya meza ya kituo, akazibana pembe zake kwa vitu vilivyokuwa karibu: kitabu cha malalamiko, kufuli bovu, kikombe cha chai, na simu ya mezani ambayo haikuwa imelia tangu mwaka juzi. Ilikuwa Jumatano saa mbili asubuhi, katikati ya Septemba, na mipichi ya uani ilikuwa imeshatoa maua. Alhamisi saa tatu Sekake Mothobi angesimamishwa mbele ya hakimu kwa kuiba farasi, na kwa wizi wa mifugo hakimu wa Lesotho hana maneno mengi. Mtu huingia gerezani na nywele nyeusi, akatoka nazo nyeupe.

Kwa hiyo Ramarou alikuwa na siku moja. Gari hakuwa nalo. Gari la kituo lilikuwa na Inspekta Fothoane, na Inspekta Fothoane alikuwa Maseru kwenye semina ya kupambana na wizi wa mifugo, akila kuku.

Kwenye benchi la ukutani alikaa mwenye farasi, Mme, yaani Mama, Malineo Phafoli, mjane wa milimani, blanketi lake limebanwa begani kwa pini kubwa. Alikuwa amekaa pale tangu Jumatatu. Kila alipoambiwa arudi kwao, alijibu kwamba atarudi akiwa amepanda.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Machi, mahindi yalipoanza kukauka, Mme Malineo alimshusha farasi wake Phefo kutoka milimani akampa Sekake kwa mafisa, yaani amtunzie na kumtumia, kama mume wake alivyofanya miaka yote na baba yake Sekake. Kule juu theluji hufunika majani, mnyama akabaki mifupa. Huku chini kuna mabua ya mahindi na maji hayagandi. Anayepokea humtumia farasi kipupwe chote, humbebesha magunia ya kusaga na kumpanda kwenda mazishini, na mipichi ikitoa maua humrudisha akiwa amenona. Hakuna anayelipa, hakuna anayedai. Farasi akifa, aliyempokea huleta ngozi, tena ngozi na masikio yake, kwa sababu alama ya mwenyewe huchanjwa sikioni.

Mwisho wa Agosti Sekake alishuka kwenye basi la milimani na ngozi kwapani na cheti cha chifu mfukoni. Kichwa hakikuwepo. Mme Malineo aliitazama, akamfungia mlango, na kesho yake akaenda polisi.

Inspekta aliimaliza kesi hiyo kwa dakika tano. Sekake, alisema, amemvusha farasi mto Mohokare wa mpakani akamuuza kwa Makaburu, kisha akaokota ngozi yoyote. Shahidi alikuwepo, mtu aliyemwona mwanamume mwenye blanketi la kijani akivusha farasi Julai. Ramarou alikwenda mwenyewe kwa yule shahidi, siku mbili kwa miguu kwenda na kurudi, akamuuliza swali moja ambalo Inspekta hakuliuliza: farasi alikuwa rangi gani? Mweupe, alisema yule mtu. Phefo alikuwa kahawia, miguu myeusi. Faili ilikuwa na kurasa kumi na moja na neno rangi halikuwemo hata mara moja.

"Mme," alisema Ramarou, "njoo uiguse ngozi hii."

"Nilishaigusa."

"Iguse tena. Halafu niambie."

Mwanamke alisimama, akapitisha kiganja kutoka shingoni kwenda mgongoni, akarudisha kinyume cha manyoya. Ngozi ilikuwa ya kahawia, laini, manyoya yamelala kama ya panya.

"Hii ni Februari," alisema.

"Cheti cha chifu kinasema alikufa tarehe tisa Julai. Kwa theluji."

"Julai farasi wangu ukimtia kidole manyoyani, kidole hukioni. Anakuwa kama kondoo. Niliwaambia Jumatatu. Yule mkubwa wako alisema nitulie, wataalamu wanashughulikia."

Ramarou alipima manyoya kwa ncha ya kisu: mafupi kuliko punje ya mchele. Akageuza upande wa shingo. Sekake alikuwa ameandikisha kwamba mbwa walikula kichwa. Ramarou alikuwa amewahi kuona kazi ya mbwa, nao huvuta na kuchana, wanaacha ukingo kama kitambaa kilichoraruka. Ukingo huu ulikuwa umenyooka shingo nzima. Mbwa huyo alikuwa na kisu kikali na hakuwa na haraka.

"Kwa hiyo Sekake ni mwongo," alisema Mme Malineo.

"Ni mwongo. Swali ni kama ni mwizi."

Mwanamke alimwangalia kifuani. "Sajini, kifungo chako cha pili kinakaribia kuanguka. Nyumbani hakuna wa kushona?"

"Aliyekuwa anashona ametangulia."

"Basi lete nishone nikiwa nimekaa. Nimechoka kukaa bure."

Alishona, naye Ramarou akavaa koti juu ya fulana akaenda mahabusu.

Sekake Mothobi alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, mikono mikubwa, macho ya mtu ambaye hajalala. Ramarou alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamuuliza farasi alikufa lini. Tarehe tisa Julai. Wapi? Korongoni, nyuma ya nyumba. Aliyemchuna nani? Yeye mwenyewe. Majibu yalitoka mfululizo kama ya mtoto aliyekariri, na Ramarou hakumkatiza.

"Na mbwa walikula kichwa kabla hujamwonyesha chifu ngozi, au baada?"

Swali hilo halikuwemo kwenye aliyokariri. Sekake alifikiri.

"Kabla, Ntate," alisema, akimwita baba kwa heshima. "Niliamka nikakuta kichwa hakipo."

"Una hakika?"

"Kabla."

Ramarou alitoa cheti cha kifo cha mnyama mfukoni, karatasi yenye muhuri mkubwa wa zambarau, akaisoma polepole. "Mimi Tsebang, chifu wa Ha Rantsane, leo tarehe tisa Julai nimeiona kwa macho yangu ngozi nzima ya farasi huyu pamoja na masikio yake, nikaikuta alama ya mwenyewe." Akaikunja. "Ntate Sekake, ama mbwa walirudisha masikio kwa heshima ya Morena, chifu wenu, wakayachukua tena alipomaliza kutazama, ama mmoja wenu hajaona kitu."

Sekake alitazama sakafu.

"Kesho saa tatu," alisema Ramarou. "Ukikaa kimya, unaondoka na miaka."

"Shamba langu limo kwenye daftari la Morena, Sajini. Nyumba yangu imo. Hata kaburi la mke wangu, yeye ndiye aliyeonyesha pa kuchimba. Alisema nikae kimya, ataongea na Inspekta, nitatoka."

"Amekuja kuongea?"

"Leo ni siku ya kumi."

Ramarou hakumsukuma. Alikuwa amepata alichokitaka. Chifu aliyesaini kwamba ameona masikio yasiyokuwepo hakuwa ameangalia ngozi hata kidogo. Alikuwa ameandika maneno yale yale anayoyaandika kila mara, kwa mkono uliozoea, akagonga muhuri. Wenye mihuri ndivyo walivyo. Mwaka wa thelathini hawasomi tena wanachokipiga.

Mwenye kinu cha kusaga alikuwa anapeleka unga Ha Rantsane kwa pikapu. Ramarou alimpandisha Sekake nyuma na pingu zake, juu ya magunia, na Mme Malineo mbele karibu na dereva, ngozi imekunjwa magotini. Alimwagiza jambo moja tu: lolote atakaloliona huko, afunge mdomo mpaka aulizwe.

Bombani, kwenye mlango wa kijiji, wanawake walikuwa wanajaza ndoo. Ramarou alishuka kunywa maji. Hakuuliza habari za ngozi. Aliuliza kama ni kweli farasi wa Morena alishinda mbio za Julai, zile za siku ya kuzaliwa Mfalme. Wakaangaliana.

"Jenerali? Alishinda," alisema mmoja, mwanamke mnene mwenye kofia ya sufu. "Kiangazi alikuwa hawezi hata kufukuza inzi. Kipupwe akawaacha vijana nyuma. Amezaliwa upya yule."

"Morena ana dawa," alisema mwingine.

"Basi ainywe na yeye, maana kutembea kwenyewe anapumua kama kinu."

Walicheka, kisha wakakumbuka kwamba wanaongea na polisi, wakainamia ndoo zao. Ramarou alishukuru kwa maji.

Morena Tsebang aliwapokea uani kwake, mtu mkubwa, blanketi la gharama, viatu vya mpira vipya. Alifurahi, au alijifanya kufurahi. Aliagiza kinywaji cha tangawizi. Alipomwona Sekake kwenye magunia alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema kijiji kimeaibika, na kwamba yeye alimwambia Inspekta, rafiki yake, sheria ifuate mkondo wake. Mme Malineo hakumtazama kabisa.

Ramarou alisifu tangawizi. Akasema habari za Jenerali zimefika mpaka kituoni, na je, angeruhusiwa kumwona bingwa? Hakuna mwenye farasi Lesotho nzima anayekataa ombi hilo, na Morena Tsebang hakukataa. Banda lilikuwa la mawe, limeezekwa mabati mapya. Ndani walikuwa farasi wawili bega kwa bega kwenye hori moja: jike mzee wa kijivu, na dume lililohasiwa, kahawia, miguu myeusi, manyoya ya kipupwe yakimdondoka mabonge mabonge.

Mme Malineo alisimama mlangoni. Vidole vyake vilikaza ile ngozi. Mdomo haukufunguka.

"Mzuri," alisema Ramarou. "Siri yake nini, Morena?"

"Chakula, Sajini. Chakula na banda. Miaka minne huyu hajalala nje. Hajala jani la mlimani. Mahindi yangu, majani makavu yangu, kiangazi na kipupwe sawasawa, yeye na huyu jike. Ninyi wa serikali mnalisha farasi wenu matumaini."

"Miaka minne. Hajatoka kabisa?"

"Mbioni na kurudi."

Ramarou alitoa daftari akaandika maneno hayo, akamsomea, na Morena akakubali kwamba ndivyo alivyosema. Kisha Sajini akavua koti.

Alianza na sikio. Sikio la kushoto lilikuwa limekatwa ncha yote, limepona. Hiyo ndiyo alama yangu, alisema Morena, kila mtu anaijua. Ramarou alimwuliza Mme Malineo alama yake ni ipi.

"Pengo dogo kwenye ncha ya sikio la kushoto."

"Yaani mtu akikata ncha yote, pengo linaondoka nayo."

"Alama ya Morena inaweza kumeza ya yeyote hapa," alisema Mme Malineo. "Babu zao hawakuichagua kwa bahati mbaya."

Morena Tsebang alicheka akasema wanawake wa milimani wana maneno. Ramarou alifungua mdomo wa farasi, akatazama meno, akauliza Jenerali ana umri gani kwenye cheti. Kumi na minne. Meno yalisema saba, pengine minane. Karani alikosea, alisema Morena, makarani wa siku hizi hawajui kuandika. Yote mawili alikuwa na jibu lake, na Ramarou hakubishana. Aliinama akainua mguu wa mbele wa farasi, akaufuta ukwato kwa kiganja mpaka ukang'aa.

"Ntate dereva, njoo usogee. Nataka shahidi asiye polisi." Yule mwenye pikapu akasogea. "Ukwato huota kama ukucha wako, kutoka kwenye manyoya kwenda chini. Kwa mwezi hushuka kama upana wa ncha ya kidole changu hiki kidogo. Na farasi akibadilishiwa chakula ghafla, ukwato unaandika. Unaacha mkunjo, kama pete. Unauona?"

Dereva aliona. Hata kipofu angeuona kwa kidole.

Ramarou aliweka kidole chake kidogo pale manyoya yanapoishia, akashuka nacho, kidole chini ya kidole, akihesabu kwa sauti ya kawaida. "Agosti. Julai. Juni. Mei. Aprili." Kidole cha tano kiliangukia kwenye mkunjo. Akateremsha kingine. "Machi." Chini yake kulikuwa na mkunjo wa pili. "Huyu farasi amebadilisha malisho mara mbili, Morena. Machi, na tena Aprili. Wewe umesema miaka minne hajabadilisha."

"Kwato zina mikunjo kila siku. Ni homa hiyo. Aliugua."

"Inawezekana," alisema Ramarou. Akamwachia, akapita upande wa pili wa hori, akainua mguu wa jike la kijivu. Akaufuta, akamwita dereva apitishe kidole mwenyewe.

"Laini," alisema dereva. "Kama chupa."

"Huyu ndiye aliyekula mahindi yako miaka minne, Morena. Hori moja, chakula kimoja. Ukwato wake hauna la kusema kwa sababu hakukutokea kitu. Na Jenerali wako yuko hapa." Alichukua ngozi mikononi mwa Mme Malineo akaitandaza juu ya ukingo wa hori, manyoya mafupi juu. "Alikufa kiangazi, Februari kwa makisio yangu, akiwa na miaka kumi na minne, mzee mzima. Ulihifadhi ngozi yake. Ulipoihitaji ukakata kichwa, kwa sababu masikio yake yalikuwa na alama yako. Halafu ukasaini kwamba umeyaona."

Morena Tsebang aliacha kucheka. Alisema Inspekta Fothoane atakuwa hapa jioni, na kwamba sajini ambaye hajapanda cheo kwa miaka kumi na tisa angetakiwa kujiuliza kwa nini.

"Nimeshajiuliza," alisema Ramarou. "Inspekta anaweza kuja. Ataikuta ripoti imeshafika kwa hakimu, na farasi ameshafika. Kesho saa tatu nafasi ilikuwa imewekwa tayari. Tutabadilisha jina tu." Alimgeukia Sekake, aliyekuwa amesimama nje ya banda na pingu zake. "Ntate Sekake. Mimi nimehesabu Aprili. Sikuambiwa na mtu. Ilikuwa siku gani?"

Morena alimtazama Sekake jinsi alivyokuwa amemtazama miaka yote, na Sekake akautazama ukwato.

"Jumamosi ya Pasaka," alisema. "Watu wake walikuja wakasema Phefo ameingia kwenye malisho yaliyofungwa. Hakuingia. Nilikuwa nimemshika kamba mkononi. Nikaja kumwomba hapa hapa uani. Akaniambia nichague, farasi wa mjane au shamba. Agosti akanitupia ngozi na karatasi. Akasema wa milimani hawajui kusoma."

"Kusoma sijui," alisema Mme Malineo. "Ngozi najua."

Ramarou aliandika kila neno, Sekake akaweka kidole gumba, dereva akaweka sahihi. Kisha Sajini alimfungua Sekake pingu, akazipokea kwa mkono wa kushoto, akamfunga nazo Morena Tsebang bila haraka, akiwa ndani ya viatu vyake vipya vya mpira. Kutoka kwenye meza ya barazani alichukua muhuri wa zambarau, akaufunga kwenye kitambaa chake cha mfukoni. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani.

Alishika kamba ya farasi, akafikiri kidogo, akaiacha.

"Mtoe wewe, Ntate Sekake," alisema. "Ulimpokea wewe. Polisi hawarudishi mafisa."

Sekake alimtoa Phefo bandani, akavuka naye ua, wanawake wa bombani wakiwa wameshajaa ukutani na ndoo zao hazina maji. Alisimama mbele ya Mme Malineo, akavua kofia, akampa kamba kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Alisema mnyama huyu huyu ndiye aliyepewa, na kwamba amechelewa.

Mwanamke hakuipokea mara moja. Alimzunguka farasi, akapapasa mbavu, akainua mguu wa nyuma, akarudi mbele. Akashika sikio lililokatwa, akaliachia.

"Amenona," alisema. Akaichukua kamba. "Machi nitamleta tena. Lakini safari hii mtu akikutisha, unipandie basi siku hiyo hiyo. Usiniletee ngozi."

"Ndiyo, Mme."

Dereva alimsaidia kupanda, bila tandiko, miaka sitini na saba, na akakaa juu kama aliyezaliwa pale. Ramarou alikuwa anampandisha Morena kwenye magunia ya unga alipoikumbuka ile ngozi. Akamwuliza Mme Malineo aifanye nini hakimu akimaliza kuiangalia.

Mme Malineo alikuwa ameshamgeuza Phefo kichwa kuelekea milimani.

"Ni ya Morena, Sajini. Mpe ajifunike," alisema. "Huko anakokwenda kuna baridi."